Mizani ya Kipuri

Marehemu baba yangu aliponiachia vespa yake, hakuniachia pamoja nayo elimu ya kuitunza. Aliniachia funguo, kitambaa cha kufutia plagi, na kopo la bati alilokuwa akipimia mafuta ya kuchanganya na petroli, sehemu moja ya mafuta kwa sehemu hamsini za petroli. Yaliyobaki nilitakiwa niyajue mwenyewe. Nimekwenda nayo skuli miaka mingi, nikiwa na madaftari ya wanafunzi kwenye mfuko begani, na kila mwaka uliopita ulizidi kunionyesha kwamba chombo kilichozeeka humfunza mwenyewe mambo mawili: subira na hesabu.

Habari ninayotaka kuisimulia ilianza asubuhi moja ya masika, karibu na Mwanakwerekwe. Injini ilikuwa ikinguruma kama kawaida yake, lakini vespa haikwenda. Nikiongeza moto, sauti ilipanda na mwendo ukabaki ule ule, mfano wa mtu anayepiga makelele pasipo hoja. Nikaisukuma hadi kwa fundi wangu. Akaifungua, akautia mkono ndani, na baada ya muda akaniwekea kiganjani sahani tatu nyembamba zilizolowa mafuta.

“Klachi, Maalim,” alisema. “Hizi zimekwisha. Zinateleza tu, hazishiki.”

Nilikwenda katika duka moja la mjini linalosifika kwa kuuza vitu vya asili. Muuzaji akaniwekea juu ya kioo kijisanduku kizuri chenye chapa na namba, akataja bei. Ilikaribia nusu ya mshahara wangu wa mwezi. Nilimuuliza kama hana nyengine. Akajibu, bila ya kiburi wala dharau, “Nyengine ziko huko nje, Maalim, lakini si yenyewe.”

Nilitoka na neno hilo kichwani. Mimi ni mwalimu wa lugha, na neno likinisumbua siliachi mpaka nilifungue kama fundi anavyofungua injini. “Yenyewe” ni ipi? Ni ile iliyomo ndani ya kijisanduku, au ni kile kijisanduku chenyewe?

Nilipomweleza fundi yaliyonikuta, alicheka. Akanionyesha sahani nyengine tatu zilizotoka India, zilizofungwa katika karatasi ya nailoni isiyo na urembo wowote. Bei yake haikufika robo ya ile niliyotajiwa. Alizipanga juu ya zile za zamani: upana sawa, unene sawa, meno yakaingiana na ya wenzake kama vidole vya mikono miwili. “Hizi si za kuigiza, Maalim,” alisema. “Hizi ni ndugu.”

Kauli hiyo ilinipeleka kutafuta nasaba ya chombo changu, na nasaba yenyewe ni ya kuvutia. Vespa ya kwanza ilitoka katika kiwanda cha Piaggio, katika mji wa Pontedera nchini Italia, mwaka 1946. Mhandisi aliyeibuni, Corradino D'Ascanio, alikuwa bingwa wa ndege na helikopta, wala hakuwa mpenzi wa pikipiki. Mtindo wa PX, ambao ndio wa vespa yangu, ulianza mwaka 1977. Lakini vespa haikubaki kuwa mali ya Italia peke yake. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Bajaj ya India ilikuwa ikiunda vespa kwa leseni ya Piaggio, na leseni hiyo ilipokwisha mwaka 1971, Bajaj ikaendelea na chombo chake kwa jina la Chetak. Ndiyo kampuni hiyo hiyo iliyoipa lugha yetu neno “bajaji”. Kisha katika miaka ya 1980 kampuni ya LML, ya mji wa Kanpur, iliingia ubia na Piaggio, ikawa inaunda PX hizo hizo. Ubia ulivunjika mwaka 1999, lakini LML iliendelea kuziunda kwa jina lake kwa miaka mingi, mpaka ilipofilisiwa mwaka 2018. Hata hivyo, vipuri vya mtindo huo vingali vikitengenezwa huko India, kwa kuwa vyombo vyenyewe vingali vikitembea.

Basi zile sahani hazikuwa za mwana haramu. Zilitokana na michoro ile ile iliyovuka bahari kwa mkataba na sahihi.

Nilizidi kujifunza. Wengi wetu hudhani kwamba kampuni yenye jina lake juu ya chombo ndiyo iliyotengeneza kila kilichomo ndani yake. Sivyo. Kabureta ya vespa yangu ni ya Dell'Orto, kampuni nyengine kabisa ya Italia. Plagi na beringi hutoka kwa watengenezaji wa plagi na watengenezaji wa beringi. Ndivyo ilivyo hata kwa magari makubwa: kampuni hununua vitu vingi kwa watu wengine, ikavitia ndani ya kijisanduku chake, na bei ikapanda kwa njia hiyo. Kitu kile kile, kilichotoka katika kiwanda kile kile, kikiuzwa ndani ya kijisanduku cha aliyekitengeneza, huwa rahisi. Umoja wa Ulaya uliliona jambo hili, na katika kanuni zake za mwaka 2002 kuhusu biashara ya magari ukatambua kwamba kipuri hakiachi kuwa cha asili kwa sababu tu kimeuzwa na kiwanda kilichokitengeneza badala ya kampuni ya gari.

Sisemi haya ili kumlaumu muuzaji wa mjini. Bei yake imebeba mizigo mingi: jina, meli, ushuru, ghala, kisha safari ya pili ya kutoka Dar es Salaam hadi Unguja. Zaidi ya hayo, kipuri cha vespa ya zamani huweza kukaa juu ya rafu miaka kadhaa kikimngojea mtu mmoja kama mimi, na fedha ya mfanyabiashara ikawa imelala nacho. Haki yake naijua. Lakini na mshahara wangu naujua.

Tangu siku ile nikawa mwanafunzi wa fundi. Nilijifunza kuzisoma namba kabla ya majina. Mfano wa beringi unatosha. Beringi yenye namba 6204 ina tundu la milimita 20, upana wa nje milimita 47, na unene wa milimita 14, iwe imetengenezwa Sweden, Ujerumani, Japani au India. Namba hiyo ni lugha inayofahamika na viwanda vyote duniani. Ukienda dukani ukasema, “Nataka beringi ya vespa,” utapewa bei ya vespa. Ukisema namba, utapewa bei ya beringi.

Plagi nayo ilinifunza kwamba kisiwa kina maduka ambayo mwenye vespa hayatazami. Plagi ninayotumia ni B7HS, na plagi za namba hiyo hutumika pia katika injini nyingi ndogo za boti. Siku moja nilikwenda Malindi, nikaingia katika duka la vifaa vya uvuvi, baina ya nyavu, kamba na makopo ya rangi, nikazikuta zimepangwa kwa dazeni. Mvuvi hawezi kucheza na plagi, kwani ikimfia huko nje atapiga kasia mpaka usiku. Kwa hivyo mwenye duka alikuwa na mzigo mzuri na bei ya kiungwana. Nilinunua mbili. Nilichotakiwa kufanya ni kuhakikisha kwamba namba imetimia na kwamba ule mwanya wa cheche ni milimita 0.6, kama chombo changu kinavyotaka.

Halafu nilijifunza kwamba njia rahisi kuliko zote si kununua kabisa. Silinda ya vespa yangu ilipochakaa, nilikuwa tayari kukopa ili ninunue mpya. Fundi akanizuia. Silinda hiyo, ikiwa mpya, ina kipenyo cha milimita 57.8. Ikichakaa, huchongwa kidogo kwenye mashine ya kukereza, ikatiwa pistoni iliyo kubwa zaidi kwa sehemu ndogo tu ya milimita. Pistoni za namna hiyo hutengenezwa makusudi kwa kazi hiyo. Silinda ya baba yangu imechongwa mara mbili sasa, na ingali ni ile ile. Wenzangu wenye magari nao wana njia zao: wananunua kwa wauzaji wa vipuri vilivyotumika, vinavyofunguliwa kutoka katika magari ya Japani, na aghalabu kifaa kilichokwisha kutembea katika barabara nzuri kinakuwa imara kuliko kipya kisichojulikana kilikotoka.

Sasa, msomaji wangu, umeona ninavyosimulia kwa furaha. Ndivyo nilivyokuwa nikisimulia barazani wakati ule. Jioni baada ya sala ya magharibi nilikuwa nikiwapa watu darsa ya vipuri. Nilijua duka gani, namba gani, bei gani. Yeyote aliyenunua kitu kwa bei kubwa nilimhurumia mbele za watu. Kidogo kidogo nikasahau kwamba niliyokuwa nikijivunia hayakuwa maarifa yangu. Yalikuwa maarifa ya fundi, na mimi nilikuwa nimeyabeba tu kama mtu aliyebeba kapu la mwenziwe.

Breki ya nyuma ilipoanza kulegea, sikwenda kwa fundi. Niliona jambo lenyewe ni dogo. Nilikutana na muuzaji wa njiani aliyetandaza vitu vyake juu ya turubai, akanionyesha viatu vya breki ndani ya kijisanduku chenye jina kubwa. Bei yake ilikuwa ndogo hata kuliko bei niliyozoea kuisifu. Nikavipima kwa vile vya zamani nilivyokuwa navyo mfukoni: urefu sawa, upinde sawa, tundu la pini mahali pake. Nikaridhika. Nikavifunga mwenyewe Jumamosi jioni, nami nikijiona fundi.

Siku ya pili yake nilimchukua binti yangu, aliyekuwa na umri wa miaka tisa, tukaenda Kidichi kumtazama shangazi yake. Wakati wa kurudi, tukiteremka kuelekea Bububu, nikakanyaga breki kabla ya kona. Nilisikia mkwaruzo kama wa sufuria inayokokotwa juu ya sakafu, kisha kanyagio likazama chini ya mguu wangu bila ya ukinzani wowote. Breki ya mbele, ambayo nilikuwa nikijiambia kila wiki kwamba nitaitazama, haikutosha. Nilirudisha gia ya tatu, kisha ya pili, injini ikalia. Mbele yetu, baada ya kona, palikuwa na gari la ng'ombe limebeba kuni, na mwenyewe anatembea ubavuni hana habari. Niliielekeza vespa kwenye majani, tukaingia katika shamba la muhogo, tukaanguka.

Mwenyezi Mungu alitustiri. Binti yangu alichubuka goti na viganja. Mimi niliumia bega. Yule bwana wa gari la ng'ombe alikuja mbio, akamwinua mtoto, akampangusa mchanga kwa ncha ya kikoi chake. Mtoto hakulia. Alinitazama akauliza, “Baba, si jana tu umezitengeneza breki?”

Sikuwa na jawabu.

Nyumbani mke wangu alimwosha mtoto majeraha, akampaka dawa, akamlaza. Kisha akaja kukaa kitako mbele yangu. Hakupandisha sauti. Aliniuliza jambo moja tu: “Katika hizo breki, uliokoa kiasi gani?” Nilimtajia. Tukanyamaza sote wawili, kwa kuwa sote tunajua bei za sokoni, na kiasi kile hakikufika hata kilo mbili za mchele.

Fundi alipolifungua gurudumu siku ya pili, vile vipande vya kusugulia vilidondoka chini vimekatika kama biskuti. Juu ya chuma palibaki madoa machache ya gundi. Alikiokota kipande kimoja, akakivunja kwa vidole viwili, unga wake ukapeperuka.

“Hii haikuwa breki, Maalim,” alisema. “Hii ilikuwa picha ya breki.” Akaendelea kufuta mikono kwa muda, kisha akaongeza kwa upole ulioniumiza zaidi kuliko lawama, “Mbona hukuja?”

Nilimwambia ukweli, kwamba nilidhani ninajua.

Wiki ile ile, kwa sadfa, nilikuwa nikisahihisha mashairi ya wanafunzi. Mmoja alikuwa ametunga tarbia, mizani kumi na sita kila mshororo, nane kwa nane, na vina vyake vya kati na vya mwisho. Katika ubeti wa tatu alilikuta neno “subira” amekwisha kulitumia juu, akataka jengine la kuweka mahali pake. Akaweka “hasira”. Mizani mitatu kwa mizani mitatu, kina ni “ra” kwa “ra”. Mshororo ulitimia, haukupungua wala haukuzidi, na ukaimbika vizuri kabisa. Lakini shairi lote, lililokuwa likimnasihi mtu avumilie, likageuka ghafla kumhimiza agombane. Nilikaa na kalamu nyekundu mkononi, nisijue nimwandikie nini, kwa maana mimi mwenyewe nilikuwa nimefanya kosa lile lile juu ya barabara, na nilikuwa nimempakia mwanangu.

Nilikuwa nimepima urefu, upinde na tundu la pini. Nilikuwa nimehesabu mizani. Sikuuliza kitu kimetengenezwa kwa nini, wala na nani. Yule muuzaji wa mjini aliposema “si yenyewe” alikosea kuhusu zile sahani za klachi, lakini neno lake lilikuwa na haki yake mahali pengine, nami nililitupa lote kwa kuwa mara moja lilinikera. Kijisanduku chenye jina si dhamana, na kijisanduku kisicho na jina si dhamana vile vile. Nilikuwa nimetoka katika utumwa wa bei kubwa nikaingia katika utumwa wa bei ndogo, na kote kuwili nilikuwa nikitazama bei badala ya kutazama kitu.

Tangu hapo mimi na fundi tumekubaliana swali la kuuliza kabla ya swali la bei: kitu hiki kikifa njiani, kitatokea nini? Klachi ikifa, nitasukuma. Plagi ikifa, nitasukuma. Waya wa gia ukikatika, nitasukuma huku nikinung'unika. Katika vitu hivyo nina ruhusa ya kutafuta urahisi, kwa sababu adhabu ya kukosea ni jasho langu mwenyewe. Lakini breki, usukani, na tairi zikifa, sitapata nafasi ya kusukuma, na adhabu huenda ikamwangukia mtoto aliyeketi nyuma, au mtu anayetembea ubavuni mwa ng'ombe wake, ambao hawakushauriwa siku ya kununua.

Hata hivyo, sikurudi kulipa nusu ya mshahara. Fundi aliagiza Dar es Salaam, kwa muuzaji anayemfahamu kwa miaka mingi, viatu vya breki vya kiwanda kinachojulikana kwa kazi ya breki. Havikuwa ndani ya kijisanduku cha vespa, na bei yake ilikuwa kama nusu tu ya ile ya duka la mjini. Vilipofika alinionyesha namna ya kuvitazama: namba iliyopigwa juu ya chuma isome vizuri na ilingane na ya kijisanduku, kile kipande cha kusugulia kikae juu ya chuma bila ya mwanya wowote, kikwaruzwe kwa ukucha, kisitoe unga, na uzito wake ulinganishwe mkononi na uzito wa kile cha zamani. Juu ya yote, kinunuliwe kwa mtu ambaye kesho utamkuta pale pale. Alipokwisha kuvifunga hakuniruhusu kuingia barabarani. Alinipeleka uwanjani, nikazunguka na kukanyaga breki mara nyingi, kwanza polepole, kisha kwa kasi zaidi, naye amesimama jua kali ananihesabia.

Wahenga walisema rahisi ghali, na watu wengi huitumia kauli hiyo kama kufuli: usinunue cha rahisi, basi. Mimi sioni kwamba ndivyo walivyokusudia. Watu wa visiwa wameishi kwa kutengeneza na kubadilisha tangu zama za majahazi. Nahodha aliyevunjikiwa na foromali mbali na nyumbani alitafuta mti wa pale alipo, lakini alitafuta mti utakaostahamili tanga, na alimwita fundi autazame kabla ya kuupandisha. Urahisi haukuwa dhambi kwake. Dhambi ilikuwa kujidanganya.

Kwa yule mwanafunzi niliandika hivi pembezoni mwa ubeti wake: “Mizani imetimia. Rudi uangalie maana.” Alikuja siku ya pili yake na neno jengine, si zuri kama la kwanza kwa sauti, lakini la kweli. Nikampa maksi zake.

Binti yangu sasa amekuwa mkubwa. Vespa ya babu yake ingali inatembea, na sahani za klachi za India zingali zinashika. Bado humpeleka kwa shangazi yake Kidichi. Kabla hajapanda, huinama, akalibonyeza lile kanyagio la breki kwa mkono mara mbili, akasikiliza, kisha akanitazama usoni. Mimi huwa nasimama kimya mpaka amalize.